Ufadhili wa Tabianchi: Fadhila au Fidia?

Neno 'ufadhili' latokana na 'fadhili', yaani kumtendea mtu wema. Je, lafaa kutajia fedha za tabianchi? Mwaka 2009, jijini Copenhagen, mataifa tajiri yaliahidi kutoa dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Lengo hilo lilifikiwa 2022, sehemu kubwa ikiwa mikopo. Kati ya 2020 na 2022, maeneo kame ya Kenya yalikosa mvua za kutosha misimu mitano mfululizo. Mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa. Mfugaji wa Turkana hakuchangia pakubwa kuchafua anga, ilhali nchi yake hukopeshwa ili imnusuru na njaa. Wafasiri hawana budi kulizingatia hili: apewaye fadhila hushukuru, bali astahiliye fidia hudai.