Kutoka Makanya hadi Mawimbini: Kupiga Picha za Waokoaji Ukiwa Majini

Kijana wa Makanya anayepiga picha za harusi, mahafali na mechi za shule anaweza kudhani bahari haimhusu. Hapa chini ya Milima ya Upare tumezoea mkonge, jasi na vumbi, na maji mengi tunayoyaona ni yale yanayoshuka kwa ghafla kwenye makorongo mvua ikinyesha mlimani. Hata hivyo, barabara hii inayopita Hedaru, Mombo na Korogwe hukufikisha Tanga siku hiyo hiyo. Huko pwani ipo kazi ya picha ambayo wapiga picha wetu wachache sana wameigusa: kuwapiga picha waokoaji wa baharini ukiwa nao majini.

Mfano bora ninaoufahamu uko Unguja. Mwaka 2016, katika ufukwe wa Muyuni, mpiga picha Anna Boyiazis wa Marekani aliwapiga picha wasichana wa Mradi wa Panje na wanafunzi wa Shule ya Msingi Kijini wakijifunza kuelea, kuogelea na kuokoana. Walivaa mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima, na hivyo waliweza kujifunza bila kuvunja maadili ya dini yao. Picha hizo zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Dunia iliwaona wasichana wa Kizanzibari kama waokoaji, na hilo ni jambo kubwa katika nchi iliyopoteza mamia ya watu katika kuzama kwa meli ya MV Bukoba mwaka 1996 na kivuko cha MV Nyerere mwaka 2018. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021.

Katika nchi kama Australia na Afrika Kusini uokoaji ni mchezo wa mashindano. Washindani hutimua mbio kutoka mchangani, huogelea au hupiga makasia kulizunguka boya, kisha hurudi. Wengine humkokota mtu anayejifanya anazama. Mazoezi ya uokoaji ya kwetu hufuata mwendo huo huo, nayo matukio mazito hutokea mbali na ufukwe: kugeuka kwenye boya, na ule mkono unaomshika mtu kwa mara ya kwanza. Ukibaki mchangani utapata vichwa vidogo na migongo.

Mwanga nao unakuita majini. Pwani yetu inatazama mashariki. Asubuhi jua linatokea baharini, hivyo anayesimama ufukweni anapiga picha akilitazama jua, na nyuso zinatoka nyeusi. Ukiwa majini ukaelekea nchi kavu, jua liko mgongoni kwako na uso wa mwogeleaji anayerudi unaonekana wote, pamoja na matone yaliyoshika nyusi. Alasiri mambo hugeuka. Panga kazi yako ya majini iwe ya asubuhi.

Sasa sharti ambalo halina mjadala: kama huwezi kuogelea mita 200 bila kupumzika na kuelea kwa utulivu kwenye kina kirefu, usiingie. Mpiga picha anayezama huwaondoa waokoaji kwenye kazi yao na kuwahatarisha. Usijifunzie kwenye ndiva, yale mabwawa yetu ya maji ya kumwagilia. Maji yake hayaonyeshi chini, tope hushika miguu, na maji yaliyotuama yanaweza kuwa na kichocho. Usijifunzie kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu wala Mto Pangani, kwenye mamba. Tafuta bwawa la kuogelea Moshi, lipa mwalimu, na ukishaiva ndipo ushike kamera.

Ukifika pwani, waulize wavuvi kabla ya kuuliza mtandao. Watakuambia kama ni bamvua au maji mafu. Siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita tatu, na maji yanapokupwa hutoka kwa nguvu kupitia milango ya mwamba. Mkondo ukikubeba, usishindane nao. Elea, inua mkono kuomba msaada, kisha ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye mkondo ndipo urudi. Waulize pia kuhusu konyeza na samaki taa, na vaa viatu vya maji.

Kabla ya kuingia, zungumza na kiongozi wa mazoezi au mwamuzi. Akuonyeshe njia ya washindani, nawe ukae pembeni yake, si katikati na kamwe si mbele ya ubao wa uokoaji unaokuja na wimbi. Vaa mapezi ya kuogelea, kofia ngumu na fulana ya rangi kali. Mwenzako mmoja abaki ufukweni akikutazama wewe tu, bila simu mkononi. Ubao ukikujia bila mwelekeo, piga mbizi chini yake huku umeiweka kamera mbali na uso, kwa sababu kasha la kamera likikugonga linaweza kukuvunja meno.

Kuhusu vifaa, kasha la kuzuia maji ni muhimu kuliko kamera ya bei. Adui wake ni kitu kidogo kwenye ile pete ya mpira inayoziba mlango: unywele, chembe ya mchanga, au kwa sisi wa Makanya, uzi mmoja wa mkonge. Safisha pete ndani ya chumba kisicho na upepo, ipake grisi ya silikoni kidogo, kisha lizamishe kasha tupu kwenye ndoo likiwa na karatasi ya chooni ndani. Karatasi ikitoka kavu, weka kamera. Tumia lenzi pana na usogee karibu, kasi ya shata isipungue 1/1000 ya sekunde, na fokasi uiweke mapema kwenye umbali wa mita mbili hivi. Lamba kioo cha mbele na ukichovye majini kabla ya kupiga, matone hayatang'ang'ania.

Simu inayosemekana haiingii maji hupimwa kwenye maji baridi yaliyotulia, si mawimbi ya chumvi. Itie kwenye mfuko wake, na upige kwa kitufe cha sauti kwa kuwa kioo hakisikii kidole kikiwa ndani ya maji. Baadaye loweka kasha au mfuko kwa nusu saa kwenye nusu ndoo ya maji baridi kabla ya kuufungua.

Omba ruhusa ya wazazi na walimu kwa picha za watoto, na ya wanawake wenyewe kwa picha zao. Nguo iliyolowa hubana mwili, na picha ya namna hiyo ifute mbele ya mwenyewe. Na mazoezi yakigeuka ajali ya kweli, achana na picha. Ita waokoaji, mrushie anayezama kamba au dumu tupu la lita 20 lenye mfuniko, wala usimkaribie kwa mikono mitupu.

Tarehe 25 Julai ni Siku ya Kuzuia Kuzama Duniani, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2021. Walimu wa Same na Mwanga, bandikeni picha za waokoaji kwenye kuta za madarasa siku hiyo, na muwaonye watoto wasiogelee kwenye ndiva.