Umeme Ukirudi, Usikimbilie Rauta

Fundi wa mitandao anajibu maswali ya wasomaji wa Jambiani na vijiji jirani.

Umeme unakatika kila mara na rauta zangu zinaungua. Naambiwa zinakufa kwa kuzimika ghafla. Ni kweli?

Si kweli. Barua za namna hii zimekuja nyingi, kutoka Jambiani, Paje na Makunduchi, nazijibu zote hapa kwa sababu uvumi huu umekula pesa za watu vya kutosha. Rauta ya nyumbani haina diski inayozunguka ndani. Umeme ukiondoka, inazimika basi. Kinachoiua ni umeme unaporudi. Kijiji kizima kikirudishiwa kwa pamoja, mafriji, pampu za maji na viyoyozi vya hoteli vyote huanza kuvuta kwa wakati mmoja. Volti zinaporomoka, zinaruka, na mara nyingi umeme unakatika tena kabla hujakaa. Adapta ndiyo inayopokea vishindo vyote hivyo.

Wengine wameuziwa stabilaiza kwa ajili ya umeme mdogo. Soma maandishi yaliyo kwenye adapta yako kabla ya kutoa pesa: nyingi zinakubali volti 100 hadi 240. Umeme wetu ni volti 230. Ukishuka hadi 150, friji inaumia lakini adapta hiyo inaendelea na kazi. Hatari iko juu. Hewa ya chumvi ya pwani hii inakula viungio vya nyaya, na waya wa nyutro ukikatika kwenye njia ya fezi tatu, nyumba yako ya fezi moja inaweza kupokea volti zinazokaribia 400. Ukiona taa zinang'aa kupita kawaida, zima swichi kuu na uwaite shirika la umeme, ZECO. Usisubiri zitulie.

Kwa hiyo: umeme ukikatika, chomoa adapta ukutani. Ukirudi, ngoja dakika tano hadi kumi ndipo uchomeke. Kama hushindi nyumbani, nunua friji gadi, kile kile kinacholinda friji: volti zikizidi kinakata, na umeme ukirudi kinangoja kabla ya kuuachia.

Jenereta nazo zina lawama yao. Kebo ya chini ya bahari kutoka Tanzania Bara ilipoharibika Mei 2008, Unguja ilikaa kama mwezi mzima bila umeme wa gridi, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 ikawa hivyo tena. Waliokuwa na uwezo waliishi kwa jenereta. Kebo ya megawati 100 imefika tangu 2013, lakini jenereta ndogo za petroli bado zimejaa mahotelini, na volti zake huyumba mafuta yanapokaribia kwisha au mzigo mkubwa unapozimwa. Chomoa rauta kwanza, jenereta uizime baadaye.

Nikitaka kuizima rauta, nibonyeze kile kitundu cha nyuma kwa sindano?

Usikiguse. Kinafuta jina la mtandao, nywila na kila kitu alichopanga fundi. Tumia kitufe cha kuzimia, au chomoa.

Rauta inahitaji kupumzishwa usiku?

Hapana.

Nikiizima, bando langu linakaa mpaka nitakapowasha?

Bando linakwisha kwa tarehe yake.

Fundi alitupangia swichi ya mtandao ya hoteli. Umeme ulikatika usiku, asubuhi mipangilio yote haipo. Anataka alipwe upya.

Msimlipe. Swichi na rauta za Cisco, kwa mfano, hushika mabadiliko mapya kwenye kumbukumbu ya muda mpaka fundi atoe amri ya kuyahifadhi, na amri hiyo haimchukui hata dakika. Hakuitoa. MikroTik huhifadhi zenyewe. Juniper zinataka zaidi: zinaendesha mfumo kamili kama wa kompyuta, hivyo zizimwe kwa amri kwanza, ndipo umeme ukatwe. Mwambieni pia awaachie nakala ya mipangilio kwenye flashi, ibaki kwa meneja.

Mkizima wenyewe, anzeni na kompyuta na mashine ya kurekodi kamera, kisha swichi, rauta, na mwisho kifaa cha faiba. Kuwasha ni kinyume chake. Kumbukeni kwamba kamera na simu nyingi za mezani hupata umeme kupitia swichi hiyo hiyo. Mkiizima, mlinzi amebaki bila kamera. Na programu ya kifaa ikiwa inasasishwa, asiguse mtu. Umeme ukikatwa katikati ya kazi hiyo, kifaa kinaweza kisiwake tena.

Antena yetu iko juu ya paa la makuti. Radi ikianza tuzime rauta?

Kuzima hakutoshi. Waya wa shaba unaoshuka kutoka kwenye antena unaleta mshtuko moja kwa moja, kifaa kiwe kimezimwa au kinawaka. Chomoeni umeme na waya huo pia, mapema, wingu likiwa bado mbali. Ngurumo zikishafika, msishike waya wowote.

Tunafunga hoteli msimu wa masika. Vifaa vibaki vimezimwa pale pale?

Hili linaniudhi kila mwaka. Kifaa kinachowaka kina joto linalofukuza unyevu. Kikizimwa wiki nyingi kwenye chumba kilichofungwa, chumvi na unyevu vinaingia kwenye soketi na vidole vya shaba. Chomoeni vyote, vifuteni kwa kitambaa kikavu, viwekeni kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Kila waya uandikwe namba ya tundu lake kabla haujachomolewa, na kila adapta ifungwe pamoja na kifaa chake. Adapta ya volti 12 ikichomekwa kwenye kifaa cha volti 5 siku ya kufungua, kifaa hicho kinaweza kuungua hapo hapo.