Zaha Haiendi Kama Maji

Mlima wa moto upasukapo, mawe yaliyoyeyuka hutoka ardhini na kuteremka. Mawe hayo ya majimaji huitwa zaha. Mtu aionaye zaha kwa mbali hudhani ya kuwa ni mto kama mito mingine. Kwa jambo moja hakosei: zaha, kama maji, huvutwa chini na uzito wake, hufuata mabonde na kuzunguka vilima. Lakini kwa mengine hutofautiana sana.

Tofauti ya kwanza ni mnato, yaani ile hali ya kitu cha majimaji kushikamana na kukataa kumwagika upesi. Asali ina mnato kuliko maji, na asali baridi kuliko asali ya moto. Zaha nyingi, hata zikiwa na joto la digrii 1,100 za Sentigredi, zina mnato uzidio ule wa maji mara maelfu mengi. Ndiyo sababu kwa kawaida huenda polepole.

Tofauti ya pili ni kupoa. Maji yakimwagwa uwanjani huenea mpaka yakawa sawasawa. Zaha hupoa ikienda, ikafanya ganda jeusi, ikajijengea kuta pande mbili, na mwisho hugeuka jiwe na kusimama hata kwenye mteremko. Walakini chini ya ganda zaha yaweza kuendelea kutiririka kama ndani ya bomba, na kufika mbali ingali moto. Basi ganda jeusi si dalili ya usalama, wala mtu asilikanyage.

Zaha ya mlima Nyiragongo, ulio karibu na mji wa Goma katika Kongo, ina mnato mdogo kuliko nyingi. Tarehe 10 Januari, 1977, mlima ulipasuka ubavuni, na ziwa la zaha lililokuwa kileleni likamwagika lote kwa muda usiozidi saa moja. Yakisiwa ya kuwa mahali penye mteremko mkali mwendo wake ulifika kilometa 60 kwa saa. Watu wengi wa vijijini hawakuwahi kukimbia. Januari 17, 2002, zaha ilipita katikati ya Goma hata ikaingia Ziwa Kivu; lakini mjini, ambako mteremko ni mdogo, ilikwenda polepole, na watu wengi sana wakaokoka kwa miguu yao.

Mlima ni ule ule, bali mwendo haukuwa mmoja. Mwendo wa zaha hutegemea mnato, mteremko, na wingi wa zaha itokayo kwa mara moja. Kwa hiyo aishiye karibu na mlima kama huo asipime hatari kwa yale aliyoyaona zamani. Apatapo onyo na aondoke mapema, aliache bonde, ashike njia ya kando iliyoinuka. Kwa maana bonde ni njia ya maji, na ni njia ya zaha pia.