Adamu na Furu Wasio na Majina

Somo letu: Mwanzo 2:19-20.

Mungu anamletea Adamu wanyama ili aone atawaitaje. Hapo hatumwi kuwinda wala kuuza. Anahitaji kutazama, maana huwezi kumpa kiumbe jina kama hujamwangalia vizuri. (Sisi wa falsafa tungekaa hapa semista nzima, lakini twendeni ziwani.)

Butimba iko kandokando ya Ghuba ya Mwanza. Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuwachunguza furu wa ghuba hii: kuvuta nyavu, kupima, kuhesabu, mwaka baada ya mwaka. Ziwa Victoria linakadiriwa kuwa na aina 500 hivi za furu, karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Kisha sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka ghafla upande wetu miaka ya 1980. Furu wakapukutika. Aina nyingine zilitoweka kabla hazijapewa jina la kisayansi. Yaani Adamu kafika, kiumbe keshaondoka!

Sangara hakuwa peke yake. Uchafu na mbolea vinavyoingia ziwani hulisha mwani, na mwani ukioza chini unamaliza oksijeni. Upepo wa kusi wa Juni na Julai husaidia kuchanganya maji ya juu na ya chini, lakini joto likizidi, maji ya juu hukaa kama kifuniko na huko chini samaki wanakosa hewa. Halafu kuna hili, ambalo mimi lilinishangaza: furu jike huchagua dume kwa rangi. Maji yakiwa na tope haoni vizuri, basi aina zinachanganyikana mpaka tofauti zinafutika.

Kijana mmoja aliniuliza, "Frateri, kuhesabu samaki na imani wapi na wapi, watu wana njaa?" Swali la haki. Sangara amesomesha watoto wengi Mwanza, simkashifu. Lakini tangu miaka ya 1990 baadhi ya furu wamerudi, na tunajua ni akina nani kwa sababu kuna watu waliwahesabu zamani, wakati hakuna aliyeona faida. Hata mwenye njaa anahitaji kujua ziwa lake limebakiwa na nini.

Kazi ya wiki hii: mtafute mvuvi mzee au mama muuza samaki. Muulize ni samaki gani aliwajua utotoni na sasa hawaoni tena. Andika majina yao, kwa Kisukuma, Kikerewe, lugha yoyote, uje nayo kwenye kikao cha VIWAWA.