Gari kuukuu la kasi: Bei ikipanda mara mbili, je, umepata faida?

WAFANYABIASHARA wa magari wa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala wamezoea kanuni moja: gari ni mali inayochakaa. Likishuka melini thamani yake imekwisha kuanza kupungua, na kila mwaka mwenye nalo hukata sehemu ya uchakavu katika vitabu vyake mpaka libaki bei ya chuma chakavu. Kanuni hiyo ni kweli kwa magari karibu yote.

Hata hivyo, liko kundi dogo la magari ambalo likishafika chini huanza kupanda tena. Haya ni magari ya spoti ya milango miwili yaliyotengenezwa kwa ajili ya mwendo, ambayo leo yana umri wa miaka 25 hadi 50 na zaidi. Wapenzi wake huyatafuta duniani kote, na bei zinazotangazwa minadani huwatia tamaa watu wenye mtaji mdogo. Somo la wiki hii ni kupima tamaa hiyo kwa hesabu.

Njia ya bei

Gari la namna hii hupita hatua tatu. Kwanza hushuka bei kama magari mengine, tena kwa kasi zaidi, kwa sababu hula mafuta mengi, bima yake ni ghali na halibebi familia wala mzigo. Pili hukaa chini kwa muda mrefu. Hapo ndipo linapoangukia mikononi mwa watu wasioweza kulitunza: hugongwa, hufungwa injini nyingine, au huwekwa juu ya mawe likaliwa na kutu. Tatu, yale machache yaliyosalimika huanza kutafutwa.

Mfano mzuri ni Datsun 240Z, gari linalofahamika Afrika Mashariki kwa kuwa lilishinda Safari Rally mara mbili: mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Lilianza kuuzwa Marekani kwa Dola 3,526. Yalitengenezwa zaidi ya 150,000, kwa hiyo kiwandani halikuwa gari adimu hata kidogo. Lakini bodi zake zilikuwa nyepesi kushika kutu, hasa sakafuni, kwenye vizingiti vya milango na chini ya betri. Kutu ikafanya kazi ambayo kiwanda hakikuifanya: ikapunguza idadi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Nissan yenyewe ilinunua baadhi ya magari hayo Marekani, ikayafufua na kuyauza tena kwa Dola 24,950 kila moja. Yaliyouzwa hayakufika 50. Mwezi Januari 2020, gari moja la mwaka 1971 lililokuwa limetembea kidogo sana na kubaki kama lilivyotoka kiwandani liliuzwa mnadani Marekani kwa Dola 310,000.

Mfanyabiashara makini hapa hachukui kalamu kuagiza, bali huchukua kikokotoo. Kutoka Dola 3,526 hadi 310,000 katika muda wa takriban miaka 50 ni ongezeko la asilimia 9 na ushee kwa mwaka. Katika kipindi hicho hicho hisa za makampuni makubwa ya Marekani zilileta wastani wa asilimia 10 hivi kwa mwaka kwa mtu aliyekuwa akirudisha gawio lake sokoni. Maana yake ni kwamba mojawapo ya magari bora kabisa ya aina hiyo duniani, lililotunzwa vizuri na kutembea kidogo kwa nusu karne, limekaribia tu faida ya kawaida ya soko la hisa. Na hisa hazihitaji banda, betri wala mafuta ya breki. Magari mazuri ya kawaida ya aina hiyo huuzwa kwa makumi machache ya maelfu ya Dola, na ukiondoa mfumuko wa bei (Dola 3,526 za mwaka 1970 ni kama Dola 23,500 za mwaka 2020) faida hubaki ndogo.

Kinachopandisha bei

Wauzaji husema bei hupanda kwa sababu gari ni la zamani. Si kweli. Yako magari mengi ya zamani yasiyo na mnunuzi. Mambo manne ndiyo yanayohusika.

La kwanza ni idadi iliyobaki. Toyota 2000GT yalitengenezwa takriban 350 tu kati ya mwaka 1967 na 1970, na mwaka 2013 moja liliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya Dola milioni 1. Porsche 911 Carrera RS ya mwaka 1973 yalitengenezwa 1,580, nalo ni mali ya matajiri.

La pili ni sifa ya mashindano au ya sinema. Toyota Supra la rangi ya machungwa lililotumika katika filamu ya The Fast and the Furious ya mwaka 2001 liliuzwa Las Vegas mwezi Juni 2021 kwa Dola 550,000. Nissan Skyline R34 lililoendeshwa na Paul Walker katika filamu ya mwaka 2009 lilifika Dola milioni 1.357 mwezi Mei 2023. Msomaji aangalie vizuri: bei hizo ni za magari mawili yenye historia yake, si za Supra au Skyline lolote lile. Mwenye Supra la kawaida anayelipangia bei kwa kutazama mnada wa sinema atakaa nalo mpaka achoke.

La tatu ni umri wa wanunuzi. Mtu hununua gari alilolitamani akiwa kijana, na fedha huzipata akikaribia miaka 50. Ndiyo sababu magari ya Kijapani ya miaka ya 1990 yanapanda sasa. Lakini kizazi hicho nacho kitazeeka, na hakuna anayejua kama watoto wao watayataka.

La nne ni sheria, na hili ndilo mfanyabiashara anaweza kulitabiri. Marekani hairuhusu kwa urahisi gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vyake vya usalama, ila likitimiza miaka 25 tangu kutengenezwa husamehewa. Skyline GT-R R32 lilianza kutengenezwa mwaka 1989, kwa hiyo lango lilifunguka mwaka 2014. R34 la mwaka 1999 lilianza kuruhusiwa mwaka 2024. Wanunuzi wa Marekani hawakungoja siku hiyo. Walianza kununua Japani mapema na kuyahifadhi, na bei ikapanda kabla ya lango kufunguka. Aliyesubiri tarehe yenyewe alinunua bei ikiwa tayari juu.

Hesabu ya mwenye mtaji mdogo

Tuchukue mfano wa kubuni. Ndugu mmoja ananunua gari la spoti la miaka ya 1970 kwa sh. milioni 30. Matengenezo ya bodi, injini na viti yanakula sh. milioni 18. Banda, bima na uangalizi ni sh. milioni 1.5 kwa mwaka. Baada ya miaka mitano anapata mnunuzi wa sh. milioni 65, na dalali anachukua asilimia 5.

Mitaani watasema: amenunua 30, ameuza 65, amepata zaidi ya mara mbili. Vitabu vinasema hivi:

Kununua: sh. milioni 30.
Matengenezo: sh. milioni 18.
Kutunza miaka mitano: sh. milioni 7.5.
Jumla ya gharama: sh. milioni 55.5.
Mauzo baada ya kumtoa dalali: sh. milioni 61.75.
Faida: sh. milioni 6.25.

Sasa tuseme zile sh. milioni 48 za mwanzo zingewekwa katika hati fungani za Serikali kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka, bila hata kuweka riba juu ya riba. Kwa miaka mitano zingezaa sh. milioni 21.6. Kulingana na hati fungani peke yake, gari hilo lingepaswa kuuzwa kwa sh. milioni 81 na kidogo. Kwa hiyo bei iliyopanda zaidi ya mara mbili imempa mwenyewe chini ya theluthi ya faida aliyoiacha. Kosa halikuwa katika bei ya kuuzia. Lilikuwa katika sh. milioni 18 za fundi, ambazo mnunuzi hakuzilipa zote.

Hapo ndipo penye siri ya biashara hii: gari zima la bei ya juu mara nyingi ni rahisi kuliko gari bovu la bei ya chini. Kufufua bodi iliyoliwa na kutu hugharimu karibu sawa kwa gari la thamani kubwa na la thamani ndogo.

Funzo la mwaka 1989

Wako wanaodhani bei za magari haya haziwezi kushuka. Historia inakataa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 fedha nyingi zilikuwa zikitafuta mahali pa kukaa, hasa Japani. Enzo Ferrari alipofariki mwezi Agosti 1988, watu walikimbilia magari ya jina lake. Ferrari 250 GTO, ambayo yalitengenezwa 36 tu, yalivuka Dola milioni 10 kila moja. Desemba 1989 soko la hisa la Tokyo lilifika kileleni, kisha likaanguka. Mabenki yakadai mikopo yao, na waliokopa kununua magari wakalazimika kuuza wote kwa wakati mmoja. Katikati ya miaka ya 1990 gari hilo hilo lilipatikana kwa takriban Dola milioni 3.

Mwaka 2018 moja liliuzwa mnadani kwa Dola milioni 48.4. Gari halikuwa limebadilika. Aliyenunua kwa fedha yake mwenyewe aliweza kungoja. Aliyenunua kwa mkopo alinyang'anywa muda wa kungoja. Ikiwa msomaji atakumbuka jambo moja tu katika somo hili, basi liwe hilo.

Kukagua kabla ya kulipa

Bei inapopanda, wadanganyifu huongezeka. Skyline GT-R R32 halisi namba yake ya chasisi huanza na BNR32. Skyline la kawaida lenye turbo huanza na HCR32, na kulivalisha bampa, mabawa na nembo za GT-R ni kazi ya gereji ya wiki chache. Datsun 240Z la usukani wa kulia lililouzwa nje ya Japani huanza na HS30, na kibati kilichomo kwenye chumba cha injini huonyesha namba ya injini yake ya kwanza. Mnunuzi asome namba mwenyewe kwenye chuma, si kwenye kadi peke yake, na alinganishe zote mbili.

Aidha, apendelee gari lisiloguswa. Vijana wengi huongeza turbo kubwa, hubadili magurudumu na kukata bodi wakidhani wanaongeza thamani. Kwa mnunuzi mwenye fedha wanaipunguza. Sehemu za kiwandani zilizotolewa zikiwa zimehifadhiwa kwenye boksi, hizo ni fedha. Risiti za matengenezo, kitabu cha gari na picha za zamani nazo ni fedha.

Sheria za kwetu

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, wala lenye usukani wa kushoto. Uganda kwa sheria ya mwaka 2018 ilipiga marufuku magari ya zaidi ya miaka 15. Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari kuukuu, hivyo kinachoonekana rahisi Japani huweza kuwa ghali bandarini. Mtu asiagize gari la miaka ya 1990 kabla ya kupata makadirio ya forodha kwa maandishi.

Nafasi halisi ya mfanyabiashara wa huku ni magari yaliyokwisha kuwemo nchini tangu zamani: yale yaliyoachwa shambani, kwenye nyumba za wazee, au nyuma ya gereji. Mashindano ya magari ya kale ya East African Safari Classic, yaliyoanza mwaka 2003, yameonyesha kwamba wapo watu wanaoyahitaji. Nje nako kuna soko. Uingereza, wanakoendesha upande wa kushoto kama sisi, gari la zaidi ya miaka 30 lililobaki katika hali yake ya asili na lisilo la matumizi ya kila siku huweza kutozwa asilimia 5 ya kodi ya uingizaji badala ya 20. Lakini gari lisilo na kadi halali, au ambalo warithi hawajakubaliana, si mali bado, ni kesi.

Mwenye kutaka kuingia

Atumie fedha asizozihitaji kwa miaka 5 hadi 10. Asikope. Ahesabu spea na fundi kabla ya kuhesabu faida. Anunue gari moja zima kuliko mabovu matatu. Akumbuke pia kwamba hati ya Serikali au hisa hupata mnunuzi kwa njia za kawaida za soko, ilhali gari la namna hii huweza kungoja mwaka mzima, na mtu mwenye shida ya ada au hospitali hana mwaka wa kungoja.

Anayelipenda gari lenyewe atapata raha ya kuliendesha juu ya faida ndogo, na kwake biashara inaweza kulipa. Asiyelipenda, anayelitazama kama mtaji tu, hati fungani zitamfaa zaidi na hazitavujisha oili.