SOMO: KUMPOKEA BINTI ALIYEPOTEZA WATU WAKE VITANI

Kusoma: Ruthu 1 na 2; Walawi 19:9-10



Tangu M23 walipoingia Goma Januari 2025, na Bukavu Februari, ndugu zetu wengi wamevuka mpaka kuingia Uganda. Wengine hawakubaki kambini, wameenda Kampala, Katwe, kwa sababu huko watasikia lugha yao. Lakini mjini hakuna mgawo wa chakula kama wa kambini, na kodi ya chumba haingoji. Binti aliyebaki peke yake akibisha mlangoni kwako, utamsaidiaje?

Ruthu naye alikuwa kijana, mjane na mgeni. Tujifunze mambo matatu.

1. Uchungu ulipewa nafasi. Naomi alipofika Bethlehemu, aliwaambia wanawake wamwite Mara (1:20). Hatusomi kwamba walimkemea. Sisi tunafanya haraka kusema, "Nyamaza, shukuru uko hai." Binti asiyejua baba yake yuko wapi hahitaji mahubiri siku ya kwanza. Mpe maji ya kuoga, chakula, na mahali pa kulala. Akitaka kusimulia, sikiliza, asipotaka, usimchokoe. Akipitisha wiki nyingi bila usingizi, mpeleke kituo cha afya. Moyo kuumia si upungufu wa imani. Msalaba Mwekundu wanasaidia kutafuta ndugu waliopotezana.

2. Alilindwa. Boazi aliwaagiza vijana wake wasimguse (2:9). Hatari nyingine ziko ndani ya nyumba zetu wenyewe: binti anapokelewa kama mtoto, kumbe amekuwa mtumishi bila mshahara, au anaozwa upesi ili mzigo upungue. Huo si upendo. Msindikize OPM, yaani Ofisi ya Waziri Mkuu, ajiandikishe, na karatasi zake azishike mwenyewe.

3. Aliachiwa kazi ya mikono yake. Boazi angeweza kumtumia gunia nyumbani. Badala yake aliwaambia wavunaji waangushe masuke makusudi (2:16). Ruthu akaokota mwenyewe, akarudi na kama efa moja ya shayiri. Alisaidiwa bila kuaibishwa.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi. Wakongo wengi mjini Kampala wanaishi kwa kutembeza vitenge na mapambo. Wewe mwenye vitenge kumi, mpe viwili auze, alipe baadaye. Tembea naye wiki ya kwanza. Mfundishe Kiganda cha sokoni na njia za kurudi nyumbani. Faida ya kwanza aitumie anavyopenda yeye. Hayo ndiyo masuke ya Katwe.

Maswali ya kikundi:
- Ulipofika ugenini, nani alikuangushia masuke?
- Je, nyumbani kwako kuna binti anayefanya kazi kuliko watoto wako?
- Wiki hii utaangusha nini, na kwa ajili ya nani?