Mtoto Mchanga na Usiku wa Kwanza Hemani

Wakazi wa Musoma, Bunda na Butiama wana bahati ambayo wageni huilipia nauli ya ndege: Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iko jirani nao, na lango lake la Ndabaka limo kando ya barabara kuu iendayo Mwanza. Ni jambo la kawaida, basi, kwa wazazi vijana kutamani kupiga kambi pamoja na mtoto wao angali mchanga. Jambo hilo linawezekana. Hata hivyo, ushauri wetu katika somo hili ni kwamba usiku wa kwanza wa mtoto hemani usiwe ndani ya hifadhi.

Sababu ni umbali wa msaada. Malango ya hifadhi hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, na mgeni haruhusiwi kujiendeshea gari usiku apendavyo. Mtoto akipata homa saa 8 usiku, mzazi atalazimika kuwatafuta askari wa hifadhi kwanza. Mara ni mkoa wenye malaria. Homa ya mtoto wa chini ya miezi 3, ikifika nyuzi 38, ni dharura isiyosubiri mapambazuko, na mtoto mkubwa kuliko huyo naye anapaswa kupimwa malaria mapema bila kupewa dawa za kubahatisha.

Kwa hiyo, pachaguliwe mahali ambapo kituo cha afya kinafikika ndani ya saa moja, kwa gari lililopo tayari na si la kuombwa. Familia inayokwenda Butiama kusalimia wazee inaweza kutembelea Makumbusho ya Mwalimu Nyerere mchana na kulala hemani uani kwa bibi usiku. Wazee watacheka kuona wenye nyumba wakilala nje. Wacha wacheke, mlango wa nyumba uko hatua kumi, na kasoro zote za vifaa zitaonekana mahali ambapo hazina madhara. Anayependelea ufukwe wa ziwa hapo Musoma akumbuke kwamba viboko hutoka majini usiku kwenda malishoni, wakifuata njia zao zile zile. Hema lisisimamishwe karibu na maji.

Hema lenyewe, liwe la kununua au la kukodi, lisimamishwe kabla ya kulipiwa. Muuzaji anayekataa kulifungua ana sababu yake. Mnunuzi aangalie kama sakafu imeshonwa pamoja na kuta, kama zipu inafunga hadi mwisho, na kama wavu wa madirisha hauna tundu. Wavu wa hema hauna dawa, hivyo chandarua chenye dawa, kama kile ambacho wengi walipewa kliniki, kifungwe pia juu ya mahali alalapo mtoto. Mtoto alale chali juu ya godoro gumu lililo sawa, bila mto. Magodoro ya kujazwa upepo hayamfai kabisa, kwani hubonyea na kumkunja uso kwenye kitambaa.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo tungependa lisomwe mara mbili. Usiku wa Juni na Julai huwa na baridi, na wengi wetu tumezoea kuingiza ndani jiko la mkaa lililokwisha kutoa moshi ili kupasha chumba joto. Desturi hiyo ni ya hatari nyumbani. Hemani ni ya hatari zaidi. Makaa yanayofifia bila moshi hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushika damu mahali palipopasa kukaa oksijeni, na aliyelala huendelea kulala. Mtoto mchanga hupumua haraka kuliko mtu mzima, hivyo hudhurika mapema, naye hawezi kusema kwamba kichwa kinamuuma. Hulegea tu, na mzazi hudhani amepata usingizi mzuri. Kufungua zipu kidogo si kinga. Jiko la mkaa, jiko la gesi na zile dawa za mbu za mviringo zinazowashwa vibaki nje, hata mvua ikinyesha. Mtu akiamka na kichwa kizito au kichefuchefu katika hema lenye jiko, wote watolewe nje kwenye hewa safi mara moja, kisha wapelekwe hospitali.

Joto la mtoto hutafutwa kwa nguo. Mvalishe nguo moja zaidi ya zile unazohitaji wewe, kisha pima kwa kugusa shingo au kifua chake. Mikono ya mtoto huwa baridi hata akiwa salama. Mchana tatizo hugeuka. Hema lililopigwa na jua huwa kama tanuri, na mtoto asilazwe humo hata kwa dakika chache.

Kuhusu chakula, mtoto wa chini ya miezi 6 anyonyeshwe tu, bila kupewa hata maji, na hapo mama hana haja ya kubeba vyombo. Anayetumia maziwa ya kopo kwa ushauri wa mtaalamu asome tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kuondoka dukani, ayachanganye kwa maji yaliyochemshwa ambayo hayajapoa chini ya nyuzi 70, ayapoze kabla ya kumpa mtoto, na amwage yanayobaki baada ya saa 2. Kwa mtoto aliyeanza kula, beba unga, upike uji palepale. Uji wa alfajiri uliokaa katika chupa ya chai hadi mchana ni malezi ya vijidudu. Maji yachukuliwe nyumbani kwa dumu safi. Maji ya ziwa yana vimelea vya kichocho vinavyopenya ngozi, kwa hiyo hata ya kumwogeshea mtoto katika beseni yachemshwe kwanza.

Dawa za kupaka za kufukuza mbu zisitumiwe kwa mtoto wa chini ya miezi 2. Kwa aliyezidi umri huo, soma lebo: iseme kiambato, kiwango chake na umri unaoruhusiwa. Chupa isiyo na maelezo hayo irudishwe rafuni. Lakini hakuna dawa inayomzuia vizuri mbung'o, ambaye ni wengi upande wa magharibi wa Serengeti. Huyu huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yake huko hifadhini ni vitambaa vya rangi hizo. Mtoto avae nguo nyepesi za rangi ya maziwa au kaki, zenye mikono mirefu.

Usiku wa majaribio ukipita salama, safari ya Ndabaka inaweza kupangwa. Mtoto wa chini ya miaka 5 halipi kiingilio katika hifadhi za taifa. Wakala anayeandika kiingilio cha mtoto mchanga kwenye ankara aulizwe, na aulizwe kabla ya fedha kutolewa. Katika mkoba wa mtoto ziwekwe kadi ya kliniki, kadi ya bima kama ipo, kipimajoto, na paketi za ORS. Kila paketi huchanganywa katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Risiti ya hema na ya vifaa vingine ibaki nyumbani mahali pakavu, kwa kuwa bila hiyo malalamiko dhidi ya muuzaji ni vigumu kuyathibitisha.